Tundu la Pili Katika Ngozi

Siku niliyoingia kazini, katika ngome ya Nizwa, nchi ya Waarabu, niliwekewa bunduki iliyofumuliwa vipande vipande juu ya jamvi, nikaambiwa niirudishe iwe bunduki. Aliyeniamuru hivyo alikuwa Akida wa askari wa Wali, mtu mfupi mwenye ndevu za hina, asiyependa kungoja. Wali, kwa asiyejua, ndiye mkuu wa serikali katika wilaya, na askari wake hawakuwa wanajeshi. Walikuwa walinzi wa ngome, wapeleka barua na wasimamizi wa amani ya soko. Miaka ya sabini ndiyo kwanza ilikuwa inaanza, na mimi nilikuwa mgeni kutoka Afrika.

"Wewe Mzinjibari," alisema Akida, "bunduki unaijua, au unajua kukwea mikarafuu tu?"

"Naijua, Akida."

"Nyote mnasema mnaijua. Hata salamu zenu zinanuka nazi."

Askari walicheka. Mimi karafuu nilikuwa sijapata kuichuma, kwani mama ndiye aliyekuwa wa Unguja. Nimekulia Tabora, kwa baba aliyekuwa fundi wa bunduki za wawindaji. Nilifumba macho, kwa kiburi, nikaiunga bunduki ile kwa kupapasa: tako la mti, kasiba, ambalo vijana huliita mtutu, kifyatulio, na komeo, yaani kile chuma kinachovutwa nyuma na kusukumwa mbele ili risasi iingie. Nilipomaliza, kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Utakaa ghalani," alisema Akida. "Na ufumbue macho. Hapa si mahali pa mazingaombwe."

Skuli sikupata kuingia, na kalamu sijaishika mpaka leo. Lakini nikitia ncha ya kidole katika mdomo wa kasiba nilijua kama mifereji ya ndani, ile inayoizungusha risasi ili iende sawa, ingali mizima au imeliwa na kutu. Mimi nilisema, karani akaandika, na hapakuwa na mtu wa kuhakiki nililolisema. Nataka wasomaji walikumbuke jambo hili kabla sijaendelea. Katika kazi yangu, neno langu halikuwa na mwangalizi.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa Ibra, chini ya Naibu wa Wali. Huyu alikuwa mrefu, mpole, na alikuwa na tabia ya kuuliza kila jambo mara mbili, ili akuone unavyojibu mara ya pili. Wakati ule ilikuwa imekuja amri kwamba kila mwenye bunduki ailete itazamwe, apewe ruhusa au anyang'anywe. Walikuja kutoka kila bonde, wengine juu ya ngamia, wengine wamejazana nyuma ya gari, na kila mmoja ameikumbatia yake kama mtoto mgonjwa.

Nilizigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza lilikuwa la bunduki za urithi, za kuchezewa ngoma za arusi na Idi. Hizo aliruhusiwa mwenyewe kwa heshima ya wazee wake. La pili lilikuwa la bunduki za mawindo, za komeo, kwa ruhusa na kwa masharti, maana wanyama wa mlimani na swala wa jangwani walikuwa wamekwisha kupungua, na wengine ilikuwa haramu ya serikali kuwagusa kabisa. La tatu lilikuwa la bunduki za vita, zile za kufyatua mfululizo, zenye kisanduku cha risasi kilichopinda chini ya tumbo. Hizo haziombewi ruhusa. Zinasalimishwa.

Na hizo za tatu ndizo vijana walizozitaka. Walikuwa wameziona mikononi mwa wanajeshi waliorudi kutoka vita vya kusini, na mtu aliyebeba moja alionekana kama serikali nzima imepita njiani. Nakumbuka kijana mmoja wa Manah, ana jambia ya fedha na kilemba kipya, aliyeniwekea mbele yangu bunduki kama hiyo bila haya.

"Ya kuwindia, ami," alisema.

"Kuwinda nini?"

"Swala."

"Swala umekwisha mpelekea barua ya vita, au unataka kumshtukiza?"

Karani aliangua kicheko. Kijana alisema, "Ami, hii ni ya kisasa. Hiyo ya komeo ni ya vikongwe."

Nilimweka chini nikamfundisha, kama nilivyowafundisha wengi. Risasi ya vita imevikwa shaba mpaka nchani, imeumbwa ipenye. Inaingia kwa tundu dogo na kutoka kwa tundu dogo, na mnyama anakimbia na jeraha lake, akafie mahali ambapo fisi ndiye atakayemwona. Risasi ya mawindo ncha yake ni laini. Inafunguka ndani, na mnyama anaanguka pale pale, ukamwahi kwa kisu angali hai. Kisha nikamwambia lililo kubwa zaidi. Mwindaji Mwislamu hulitaja jina la Mungu anapofyatua. Bunduki ya komeo inakupa nafasi baina ya risasi na risasi. Ile ya mfululizo haikupi. Bismillahi yako moja imeifuata risasi gani katika tano?

Kijana aliisalimisha. Naibu aliposikia alisema, "Huyu Bwana Khamis maneno yake ni kama mizani ya sonara." Akaniuliza mara mbili kama nimekunywa kahawa. Nilifurahi siku ile kupita kiasi.

Kituo changu cha tatu kilikuwa milima ya Dima wa Tayyin. Tulipelekwa wawili, kuwalinda mbuzi wa mwitu wa mlimani, wale wa rangi ya udongo wenye manyoya marefu shingoni, wasipigwe. Mwenzangu alikuwa Salum bin Hilal, mtoto wa milima ile ile, mfuata nyayo, aliyeweza kukwambia mnyama alipita kabla ya umande au baada yake. Alikuwa akibeba bunduki ya komeo ya babu yake, ambayo mimi mwenyewe niliitia katika fungu la urithi; yangu ilikuwa ya serikali, ya kutiwa kufuli nyumbani. Alinitania mchana kutwa.

"Ya Khamis, wewe unapanda mlima kama mtu anayetafuta kiti."

"Na wewe unashuka kama mtu aliyeiba."

Tulikula sahani moja. Baba yake, Mzee Hilal, alikuwa akituletea mtindi, na hakuondoka bila kuniombea dua.

Siku moja, Idi ya Hijja ikikaribia, tuliikuta bunduki ya vita imefichwa pangoni, imefungwa guniani pamoja na risasi zake. Mwenyewe hatukumjua. Naibu alituma neno kwamba gari litakuja kuichukua baada ya siku nne, na mpaka hapo ikae kwangu, katika nyumba yetu ya mawe. Salum alikwenda kwao kumsaidia baba yake matayarisho. Nikabaki mimi na bunduki.

Siku ya kwanza niliisafisha. Siku ya pili niliisafisha tena, na haikuwa na uchafu. Siku ya tatu niliitia begani nikatoka nayo, na mbele ya kivuli changu mwenyewe nilijiona mtu. Mimi niliyeitwa mnuka nazi, mimi niliyewaambia wana wa watu kwamba chombo kile ni upuuzi kwa mwindaji, nilitembea nacho kifua mbele, na hapakuwa na mtu wa kuniona ila Mungu. Mjukuu wangu anayeniandikia ameuliza hapa kama aandike kwamba nilikuwa nikiijaribu. Hapana. Andika kwamba nilikwenda kuwinda.

Dume la mbuzi wale lilisimama juu ya ukingo, kiasi cha hatua mia na hamsini. Ubavuni mwa bunduki zile pana kijiti kidogo kinachochagua baina ya risasi moja moja na mfululizo. Nilikisogeza kwenye mfululizo. Hapana aliyenilazimisha. Nilisema bismillahi moja na nikafyatua. Risasi ngapi zilitoka sikujua, na mtu asiyejua ametoa risasi ngapi si mwindaji. Mnyama hakuanguka. Alikimbia, kama nilivyomwambia kijana wa Manah kwamba atakimbia, akapotea nyuma ya mwamba. Nilifuata matone ya damu mpaka jua likawa kichwani, nikamkuta chini ya genge, shingo imevunjika, macho yamekwisha kuwa makavu. Nilimpitisha kisu. Damu haikutoka.

Kila mtoto wa chuoni anajua hukumu yake. Aliyejeruhiwa akaporomoka genge, ukamkuta maiti, huyo ni mzoga. Ilinipasa nimwache hapo. Badala yake nilimchuna, ngozi nikaifunika kwa mawe, nyama nikaibeba, maana nilikuwa nimekwisha kuiona sura yangu mbele za watu nikiingia kijijini na nyama ya Idi. Salum alinikuta njiani.

"Umepata wapi?"

"Kaporomoka mwenyewe. Nikamsikia akilia."

"Ulimwahi?"

"Nilimwahi."

"Basi ni riziki ya Mungu, si kosa letu," alisema, akachukua paja akampelekea baba yake. Mzee Hilal alikuwa na meno matatu; alikunywa mchuzi, akaniombea umri mrefu. Umri huo nimepewa.

Baada ya Idi mbwa wa wachungaji waliifukua ngozi. Mchungaji aliiona ina tundu la risasi, akaipeleka Ibra. Tukaitwa wote wawili. Barazani palikuwa na Naibu, karani, na ngozi imetandazwa juu ya mkeka.

"Juu kule wenye bunduki ni nyinyi wawili," alisema Naibu. "Bunduki ya Khamis ni ya serikali, haijatoka katika kufuli yake, na ile ya pangoni imetufikia imefungwa guniani. Salum, ni wewe?"

"Si mimi."

Aliuliza tena. "Si mimi," alisema Salum. Kisha akanitazama, bila hasira, kama mtu anayekushikia mlango upite. "Aulizwe Bwana Khamis. Yeye akitia kidole katika tundu hujua. Na yeye hasemi uwongo."

Niliinama nikapapasa. Matundu yalikuwa mawili, ubavu mmoja, hayakupitana shubiri moja. Mnyama akisikia mlio wa kwanza huruka, na mwenye bunduki ya komeo, kabla hajavuta na kusukuma, mnyama yuko kwingine. Matundu mawili yaliyokaribiana namna ile yanatoka katika bunduki moja tu, ile ya mfululizo, na ile ilikuwa imelala siku nne katika mikono yangu. Ilinipasa kusema maneno matatu. Niliweka kiganja juu ya tundu la pili, nikasema, "Risasi ni moja. Ya bunduki ya komeo, ya zamani."

"Na hilo ulilolifunika?" aliuliza Naibu.

"Jino la mbwa."

Aliniuliza mara ya pili, kama ada yake. Nikajibu vile vile, bila kupepesa. Karani akaandika.

Salum alisema neno moja tu: "Nimesikia." Alifukuzwa kazi siku ile, na bunduki ya babu yake ikaingia ghalani. Mimi ndiye niliyeipokea mlangoni. Nilipokuwa nikiitundika alikuja akasimama kizingitini, nikadhani atanitukana. Hakuitazama hata ile bunduki.

"Nambie moja tu, Khamis. Mnyama yule ulimwahi? Baba alikula."

Ningeweza kumpa hilo peke yake, hata kama nilimnyima yote. Nilisema, "Nilimwahi." Akaenda zake.

Nilitumika miaka mingine saba, wakubwa watatu wakipita juu yangu, kila mmoja akimwambia anayekuja kwamba neno la Khamis halina shaka. Nilipostaafu, mwishoni mwa miaka ya themanini, walinifanyia karamu, na barua ya sifa ikasomwa mbele ya watu. Nilihamia Birkat al Mauz, nikapanda migomba. Vijana bado huja kuniuliza, kwa kuwa mapenzi ya silaha zile hayakwisha: je, ile ya vita inafaa kwa mawindo? Mimi huwajibu kuhusu shaba na ncha laini, na sheria nawaeleza ilivyo. Sikuwahi kuwaambia kwamba naijua kwa kuitenda. Nilikuwa na elimu yote iliyohitajika, nikafanya. Kwa hivyo msidhani elimu itakuzuieni.

Mwaka wa pili wa kustaafu nilipanda Dima. Mzee Hilal alikuwa amekwisha kufariki. Salum alikuwa akichunga mbuzi wake, ndevu zimeingia mvi. Alinikaribisha ndani, akaleta tende na kahawa, akaniuliza hali ya watoto mmoja mmoja kwa majina. Nikamwambia.

"Mbuzi yule nilimpiga mimi, kwa bunduki ya pangoni."

"Najua," alisema. "Ilipopatikana ngozi nilipanda juu. Niliokota maganda ya risasi sita pale uliposimama."

"Mbona hukuyaleta barazani?"

"Niliyafukia, ili useme mwenyewe."

Nikamwomba anisamehe kazi yake, na bunduki ya babu yake.

"Hayo nilikusamehe zamani. Bunduki ni chuma."

"Na mnyama yule," nilisema, "sikumwahi."

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika, maana hilo hakuwa akilijua. Aliweka dele la kahawa chini. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Baba hana dhambi. Alikula asijue. Lakini kilikuwa kinywa chake, Khamis, si changu. Mimi siwezi kusamehe kwa kinywa cha baba."

Kisha akaliinua tena dele, akanimiminia kahawa, na akaendelea kunimiminia, kikombe juu ya kikombe, kama anavyostahiki mgeni yeyote, mpaka mimi mwenyewe nikakitikisa, ishara ya mgeni wa kule kwamba imemtosha.