Gumba la Cuthbert Hedley

Nell Hedley alinisimulia haya Jumapili, siku moja baada ya harusi yake, tukimenya viazi jikoni kwa baba yake hapa kijijini Alwinton.

Asubuhi, wiki ya harusi. Cuthbert Hedley, baba yake Nell, mjenzi wa kuta za mawe, miaka sabini na moja, ameketi juu ya ukuta alioanza jana, zumari ya mfuko kwapani. Kiwiko cha kulia kinasukuma mvukuto. Vidole vimeziba matundu yote, na zumari iko kimya, ila mabomba yake ya mvumo yananguruma bila kubadilika. Ndivyo zilivyo zumari zetu: inua kidole kimoja, upate sauti moja.

Shida ni wimbo. Marehemu mkewe, Effie, aliutunga kwa fidla katika ngazi ya sauti ya A, na Nell ameapa kuupiga hivyohivyo harusini, baba yake akimfuata kwa zumari. Zumari imezoea ngazi ya G. Kule A, gumba la kulia linarukia vibonyezo vitatu vya shaba, na gumba la Cuthbert lilipondwa na jiwe mwaka juzi. Akijaribu, zumari inapiga yowe.

"We mzee, umekanyaga paka?" anapiga kelele jirani, Archie Tait, kwenye trekta.

"Njoo nikukanyage wewe, tuone nani analia vizuri!"

Jioni alimwomba Nell, "Shuka G, mwanangu. Kwako ni kusogeza vidole tu."

"Nikishuka, nyuzi za fidla alizoziacha mama wazi hazivumi, baba. Utakuwa wimbo mwingine."

Mzee akaichukua zumari, akaanza tena.

Jumamosi ukumbini walianza vizuri. Pale pagumu gumba likakwama. Cuthbert akaziba matundu yote. Yakabaki mabomba ya mvumo tu, na fidla ikalia peke yake kwenye lile pengo, mpaka gumba likafika lilikokuwa linakwenda. Mzunguko wa pili akanyamaza palepale, safari hii kwa kutaka.

"Effie alijua kutunga, jamani!" Archie akasema, akipangusa macho.

Hapo jikoni Nell aliweka kisu chini. "Mimi nilijua ni gumba. Ila nimemwambia, baba, hilo pengo usilijaze."

"Upuuzi," mzee akajibu kutoka kwenye kiti chake karibu na moto. "Kufika Krismasi gumba litafika. Nitaupiga wote, kama alivyoutaka mama yako."

Tulipopeleka viazi mezani alikuwa keshasinzia. Gumba lilikuwa likiruka gotini, kibonyezo hiki, kibonyezo kile. Kisha nalo likalala.