Pamba ya Darini kwa Madam Hessa

Kwanza nikwambie Mumbua alikuwa analala wapi, maana bila hilo hutaelewa kwa nini mwanamke mzima, mama wa mtoto wa kidato cha pili, alishangilia pamba.

Alilala darini. Nyumba ya Madam Hessa, bosi wake, kule Al Thumama, Doha, ilikuwa na paa la vigae lenye mteremko, na kati ya paa hilo na vyumba vya juu palikuwa na nafasi ambayo Mumbua aliweza kusimama wima katikati tu. Pembeni ilimbidi ainame. Humo ndimo vilimowekwa vitu vya nyumba visivyo na kazi ya kila siku: mazulia mazito, masanduku ya safari, mahema ya kwenda jangwani wakati wa baridi, viti vya wageni, makatoni kwa makatoni. Nyuma ya makatoni hayo kulikuwa na godoro la Mumbua. Zamani alikuwa na chumba chake karibu na jiko, lakini mapacha walipozaliwa mama yake Madam alihamia pale, naye akaja na mhudumu wake, na mhudumu lazima alale. "Kwa muda tu, Mumbua," Madam alimwambia. Muda huo sasa ulikuwa umetimiza mwaka na miezi mitatu.

Wakati wa baridi sina neno, darini pazuri. Lakini kiangazi cha Doha, wewe acha tu! Jua linavipika vigae kutwa, na likishazama ndipo vinaanza kulirudisha joto lote ndani. Alikuwa na feni moja, na kazi yake ilikuwa kuzungusha hewa moto kutoka kona hii kwenda ile. Basi Mumbua akajigundulia dawa. Alilisukuma godoro kando akalala juu ya mbao tupu za sakafu, kwa sababu chini ya mbao hizo kulikuwa na chumba cha wageni, na kiyoyozi cha chumba kile hakikuzimwa mwaka mzima, wageni wawepo wasiwepo. Ubaridi ulipenya kidogo kwenye mbao. Kidogo tu, lakini mgongo wake uliupata.

Hata hivyo, Agosti ya 2013 alianguka. Siku nne mfululizo hakuwa amepata usingizi wa maana, na siku ya tano, akishuka ngazi na chupa ya maziwa mkononi, macho yakaingia giza. Mtoto mwenyewe, mmoja wa wale mapacha aliowalea, Mumbua alikuwa ametoka kumlaza dakika mbili nyuma. Madam Hessa alishtuka kweli kweli, alimmwagia maji usoni, akamnywesha juisi kwa mkono wake, halafu akasema neno ambalo Mumbua hakulisahau: "Ukianguka tena, nitakurudisha kwenu. Si kwa ubaya. Siku nyingine utakuwa umembeba mtoto."

Na kurudi kwao Mwingi, Kenya, kulikuwa na maana moja tu. Mwende, binti yake, angetoka shule, basi. Hakuna mtu mwingine wa kumsomesha.

Kwa hiyo Juni ya 2014, Madam aliposema jikoni kwamba mafundi watakuja kutia pamba ya kuzuia joto darini, kazi iishe kabla ya Ramadhani, Mumbua aliweka sufuria chini akashukuru Mungu kwa Kikamba. Madam alikuwa analalamikia vyumba vya juu visivyopoa. Mumbua yeye alisikia kitu kimoja: joto la darini linakomeshwa. Alimpigia mama yake simu na kumwambia mwaka huu atalala. Mama hakuelewa vizuri pamba ina uhusiano gani na usingizi, lakini alisema amina.

"Ila vitu ni vingi mno kule juu," Madam aliongeza. "Kampuni imesema wakikuta pamejaa, hawafanyi kazi, wanaondoka. Na vitu vyako, tafadhali, vitoe. Sitaki watu wa nje wavione."

Hilo la mwisho hata asingeambiwa angelifanya. Mumbua amelelewa, mwanamke wa kwao haachi malazi yake yakakanyagwa na wanaume asiowajua. Aliamka alfajiri, akateremsha vitu vyote peke yake, makatoni tu arobaini na kitu, ngazi ile nyembamba juu chini, juu chini, akavipanga gereji. Godoro akalikunja akalificha huko huko gereji, nyuma ya mahema. Alifagia, akapiga deki. Kufikia saa tano darini palikuwa peupe, panang'aa, ungedhani hapajawahi kukaa hata paka. Alijipongeza. Jamani, mtu anaweza kujikaanga kwa mafuta yake mwenyewe huku anaimba!

Kesho yake wakaja injinia mmoja kijana na fundi mwenye marobota ya pamba ya fibaglasi. Mumbua kumwangalia yule fundi, akamtambua: Gerishon! Huyu Gerishon alikuwa Mkenya mwenzake, mtu wa Vihiga, mpiga gitaa wa ibada yao ya Ijumaa, siku ya mapumziko ya Doha, ile waliyoifanyia sebuleni kwa mwenzao Velma katika ghorofa moja la mtaa wa Fereej Bin Mahmoud.

"Dada Mumbua! Kumbe ndipo unapokaa hapa? Wewe umeukata, nyumba kubwa namna hii!"

"Ndipo, ndugu yangu. Karibu."

Sasa hapa ndipo pana shida, na sitamficha mtu. Pale kwa Velma, siku ya kwanza kabisa, mtu aliwahi kumuuliza Mumbua anaishije, naye akajibu ana chumba chake mwenyewe, na AC. Wakati ule ilikuwa kweli. Alipohamishiwa darini hakuisahihisha. Ungeisahihisha wewe? Ukisema Ijumaa Doha kwamba unalala stoo, Jumapili mama yako anapewa pole nje ya kanisa Mwingi. Kila mtu pale kwa Velma alikuwa na chumba kizuri, kila mtu bosi wake alikuwa mwema, na kila mtu alijua kwamba mwenzake anaficha mengine. Hakuna aliyemwanika mwingine.

Wakapanda. Injinia akamulika kona zote kwa tochi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Madam, akiwa chini ya ngazi, alimwambia ni stoo tu, na hata vitu vyenyewe vimeshatolewa. Gerishon akamgeukia Mumbua, akamuuliza kwa Kiswahili, kwa utaratibu wa kazi yake:

"Dada, huku hakulali mtu, sivyo?"

Mumbua akacheka. Nasikia uchungu hata kusimulia: alicheka!

"Alale nani huku, ndugu yangu? Ni stoo."

Gerishon akamtafsiria injinia, naye akaandika kitu kwenye karatasi yake, na ile karatasi Madam akaitia sahihi.

Siku ya pili, saa tatu asubuhi, Mumbua aliwapandishia chai ya maziwa. Injinia hakuwapo, Gerishon alikuwa peke yake, amejifunga kitambaa puani, jasho linamtiririka. Mbao za nusu ya sakafu zilikuwa zimeng'olewa, na katikati ya maboriti alikuwa analaza pamba ya manjano, tabaka mbili, nzito, kisha anairudishia mbao juu yake. Mumbua akaangalia paa. Vigae vilikuwa vile vile, vitupu.

"Na huko juu mtaweka lini?"

"Juu? Juu hatugusi." Gerishon akapokea kikombe. Alikuwa fundi anayependa kazi yake, na fundi wa namna hiyo ukimuuliza swali moja anakupa majibu matatu. "Kuna njia mbili, dada. Kama darini panatumika, watu wanashinda humo, unaweka pamba kwenye mteremko wa paa, joto linabaki nje kabisa. Kazi ndefu hiyo. Kama ni mahali pa kutupia vitu, unaweka chini ya sakafu. Nyumba inabaki na ubaridi wake, dari inabaki na joto lake. Injinia amekuta peupe, amesema chini inatosha."

"Na hapa juu patakuwaje?"

"Hapa? Hapa patakuwa tanuri!" alisema kwa fahari. "Zamani ubaridi wa chini ulikuwa unavuja unapanda. Sasa hata chembe haipiti."

Mumbua akajiketisha juu ya robota. Aliona Agosti inakuja, akaona zile ngazi, akajiona na mtoto mkononi.

Gerishon akasema pole, labda ni joto, akainuka amfungulie feni iliyopigiliwa kwenye boriti la paa. Na pale kwenye boriti, juu ya swichi ya feni, palikuwa na picha ya pasipoti imebandikwa kwa gundi ya karatasi, msichana wa sare ya shule. Katika kufagia kote kule Mumbua alikuwa ameisahau. Gerishon aliitazama muda mrefu. Ile sura aliijua. Waliwahi kumwombea mtoto huyo siku ya mtihani wa darasa la nane, picha ikipitishwa mkono kwa mkono.

"Huyu si Mwende?"

Mumbua akainuka, akaibandua ile picha.

"Dada. Jana nilikuuliza."

"Uliniuliza," alisema. "Na mimi nina mwaka mzima nawaambia nina chumba. Ningekwambia vipi, ndugu yangu?"

"Mficha uchi hazai, dada Mumbua. Ngoja nimwambie injinia leo hii."

"Usithubutu!" Akamshika mkono wa shati. "Injinia atamuuliza Madam. Madam ataona nimemtia aibu mbele ya wageni. Na nikisema tu kwamba siliwezi joto, atakumbuka nilivyoanguka. Ananingojea hapo hapo. Nitarudishwa, Gerishon. Mwende nimpeleke wapi?"

Gerishon akakaa na chai yake mpaka ikapoa. Pamba iliyoletwa ilikuwa ya sakafu peke yake, karatasi ilikuwa na sahihi, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kuelekezwa weka hapa, toa pale. Mwishowe akauliza kwa sauti ndogo: "Unalazia wapi kichwa?"

Mumbua akamwonyesha. Fundi akachukua chaki, akachora mstari mahali pa mtu mmoja kulala, urefu na upana. Palipo ndani ya mstari hakutia pamba. Alirudisha mbao tupu, akapigilia misumari kama kwingine. Ubaridi wako utapita hapo, alimwambia, na Mumbua akamshukuru kwa mikono miwili. Kwa saa tatu hivi alifanya kazi zake huko chini akiwa na raha.

Saa sita injinia akarudi na kifaa cha kupimia joto, kama bastola ndogo, akaingia chumba cha wageni akawa anakielekeza juu, kwenye dari ya chumba, hapa na pale. Pote namba zilikuwa moja. Halafu pakatokea mahali namba zikapanda. Akazunguka, akapima tena, akaona pana umbo kabisa, refu na jembamba. Alimwita Gerishon ashuke. Mumbua alikuwa anakunja mashuka katika chumba kile kile na alisikia yote: uvivu gani huu, unataka mwenye nyumba atushtaki, kesho nitaleta mtu mwingine.

"Samahani, bosi," Gerishon alisema, macho chini. "Nimepasahau."

"Panda ujaze. Sasa hivi, nikiona."

Mumbua aliendelea kukunja shuka. Alisikia mbao zinang'olewa juu ya kichwa chake, kisha akasikia nyundo. Angeweza kusema neno moja. Yule mtu alikuwa anatukanwa kwa ajili yake, naye alikunja shuka lile lile mara tatu.

Alhamisi kazi ikaisha. Gerishon alipoaga hakumwangalia vizuri, wala Mumbua hakumwangalia. Jioni ile Mumbua alirudisha makatoni yote darini, na godoro nyuma yake.

Nyumba ikapoa, nisiwe mwongo, ikapoa sana. Mama yake Madam, kwa mara ya kwanza tangu ahamie, aliomba blanketi mwezi wa sita. Mapacha walilala mchana bila kulia. Madam alipita chumba hadi chumba anapapasa kuta na kucheka. Mumbua alikuwa amelala usiku mbili juu ya mbao, na mbao zilikuwa na joto upande wa chini na wa juu. Jumamosi asubuhi, akimwogesha mtoto, ilibidi aegemee ukuta mpaka kizunguzungu kipite. Aliangalia mlangoni kama kuna mtu aliyemwona. Hakukuwa na mtu.

Adhuhuri hiyo Madam akamwita kwenye ngazi ya darini, simu mkononi. Injinia alikuwa amemtumia ujumbe: stoo sasa itakuwa na joto kali kuliko zamani, kisiachwe kitu kinachoweza kuharibika.

"Haraka, Mumbua, kabla havijaharibika. Wallahi nisingejua."

Mumbua akapanda. Akateremsha mishumaa ya harusi, mingine imeshaanza kupinda. Akateremsha chupa za manukato, albamu za picha za marehemu baba yake Madam, dawa za mama yake, katoni la chokoleti. Vyote Madam alivipokea mwenyewe kwa uangalifu, akavipanga juu ya kitanda cha chumba cha wageni, kiyoyozi kikivipulizia. Albamu alizipangusa kwa mkono wa nguo yake. Alikuwa mwanamke mwenye huruma, hilo nalisema.

"Kuna kingine huko kisichostahimili joto?"

Mumbua alikuwa amesimama juu ya ngazi, kichwa na mabega ndani ya dari, miguu kwenye ubaridi wa chini. Jasho lilimwingia machoni. Alifungua mdomo. Madam alikuwa anangoja, uso ameuinua, anamtazama vizuri kabisa, na tangu kazi ianze hakuna siku alikuwa amemtazama vile.

"Hakuna, Madam," alisema. "Vimeisha."

"Alhamdulillahi." Madam akapumua. Kisha akamwomba, kila usiku akipanda kulala, asisahau kukifunga vizuri kifuniko cha dari, ubaridi usije ukapotea.