Yerusalemu ni wa Ukoo Gani?

Hadi leo, nikisikia harufu ya pilipili manga sokoni, nageuka kama mtu aliyeitwa. Biblia ya bibi yangu ilinukia hivyo, maana aliihifadhi ndani ya kikapu cha pilipili alizoteremka nazo kutoka shambani kwake Uluguru. Miguu ilikuwa imegoma kupanda mlima, ndipo mama akamleta kwetu Mafiga, mjini chini ya milima. Macho nayo yalikuwa yamechoka, kwa hiyo kazi ya kumsomea ikaniangukia mimi, binti wa miaka minane mwenye maswali mengi kuliko meno.

Kila jioni alitaka manabii, hasa pale wanapoulilia mji mtakatifu. Nikisoma jinsi Yerusalemu alivyoachwa na wanawe, bibi alijifuta machozi kwa pindo la khanga. Sasa ningejuaje kuwa huo ni mji? Mara binti, mara mama, mara mjane! Kwangu alikuwa mtu kabisa, tena ndugu yetu. Na kwa kuwa sisi Waluguru ukoo tunaufuata kwa mama, nikaona nianzie hapo.

"Bibi, Yerusalemu ni wa ukoo gani?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Wa kwetu, mjukuu wangu. Wa kwetu kabisa."

Basi nikawa namkagua kila mwanamke mgeni aliyepiga hodi, nikimtafuta Yerusalemu. Hakutokea, na machozi ya bibi hayakukoma. Iliniuma sana. Nikabuni dawa: nikikaribia penye kilio, nafunua kurasa mbili kwa pamoja, natua kwenye shangwe.

Siku tatu aliniacha niendelee. Ya nne akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Umeruka."

"Nisamehe, bibi. Sitaki ulie."

"Kulia nitalia tu. Wewe unanisomea ili nisilie peke yangu."

Nikarudi nyuma, nikasoma. Yeye alikuwa ameelekeza uso milimani, nami nikadhani anakwepa jua.

Bibi hakurudi kwake, tulimzika mjini. Miaka mingi baadaye nilipanda mwenyewe hadi kwenye kiwanja chake. Nyumba ilikuwa imeanguka, migomba imemezwa na magugu. Yakanijia maneno ya manabii. Hapo ndipo nilipomjua Yerusalemu wa bibi. Nikalia kwa sauti, na hapakuwa na mtu wa kunisomea.