Jino la Kulia

Wagonjwa wanamwita Mama Sababu, naye huitika. Anakaa nyuma ya dirisha dogo la kliniki ya meno, mbele yake daftari refu alilolichora mwenyewe kwa rula: namba, umri, jino, upande, sababu ya kung'oa. Mtu akiinama dirishani, hata pumzi hajaishusha vizuri, anaulizwa, "Sababu?"

Kwenye safu hiyo huandika maneno machache tu. Limetoboka. Fizi zimelegea. Limevunjika. La mwisho limelala ubavu. Masikioni mwake, hata hivyo, huingia mengi zaidi. Kuna bwana aliyefungua chupa ya soda kwa jino mbele ya shemeji zake, chupa ikafunguka na jino likafuata. Kuna mama aliyesema, "Litoe tu, mwanangu, limeninyima usingizi kuliko marehemu na kukoroma kwake." Kuna aliyelishindilia karafuu mwaka mzima, na alipokuja lilikuwa limebaki ganda. Daktari husema mengi ya meno hayo yangezibwa kama wenyewe wangewahi. Mama Sababu hajamcheka mtu kwa kuchelewa. Naye aling'olewa gego akiwa na miaka kumi na tisa, bila kuulizwa lolote, na mpaka leo ulimi wake hupita pale ukilitafuta.

Aliingia kliniki hiyo na ndoo. Miaka tisa alipiga deki vyumba vitatu na ukumbi, akachemsha koleo na vioo, akajifunza majina ya meno kwa kuyasikia mlangoni. Karani alipohama, daktari alimwita.

"Yale maandishi kwenye chupa za dawa za kusafishia ni yako?"

"Ni yangu, daktari."

"Yanasomeka kuliko yangu. Kaa dirishani mwezi mmoja tuone. Lakini jua kitu kimoja: ukikosea wewe, anayepungukiwa ni mgonjwa. Kosa moja la namna hiyo, unarudi kwenye ndoo."

Akakaa. Wiki mbili zikapita salama. Wiki ya tatu, siku ambayo benchi lilijaa mpaka watu wakaegemea ukuta, akaja fundi cherehani, mzee mwembamba, utepe wa kupimia bado uko shingoni. Mashavu yake yote mawili kayashika kwa viganja, kama mtu aliyebeba mtungi.

"Sababu, mzee?"

"Kokoto, binti yangu. Kwenye maharage. Nimelitafuna, likapiga kelele kichwani."

"Jino lipi?"

"La kulia."

"La juu au la chini?"

"La juu. Gego."

Akaandika: gego, juu, kulia. Akayanakili kwenye karatasi, akampa, akaita anayefuata.

Daktari alisoma karatasi, akamulika taa. Kweli, juu kulia palikuwa na gego lenye tundu jeusi. Karatasi na tundu vikakubaliana. Akapiga sindano ya ganzi, akamtuma mzee akasubiri ukumbini mdomo ufe, huku akimhudumia mwingine.

Mama Sababu alipita na bakuli la pamba. Akamkuta mzee anajibonyeza shavu.

"Imeshika, mzee?"

"Imeshika. Mdomo si wangu tena." Maneno yalitoka yamelowa. "Ninachowaza ni mbele ya safari. Likishatoka, itabidi nianze kulia upande huu."

"Usilie, mzee wangu. Hutasikia kitu."

"Nani kasema machozi? Kulia chakula! Nimebakiza magego mawili tu, moja kila upande. Hili la kushoto ndilo la kulia, mwaka wa kumi sasa. Likiondoka, nahamia huku." Akagonga shavu la kulia kwa kidole, na kidole hakikuhisi kitu.

Bakuli likamwinamia mkononi.

"Mzee. Linalouma liko wapi?"

"Si nimekwambia? La kulia. Hili." Akagusa kushoto.

"Na sindano umepigwa wapi?"

"Huku kwingine. Nikajua ndivyo inavyokuwa. Kifua kikiniuma si wananidunga matakoni?"

Watu wa benchi wakacheka. Mama Sababu hakucheka. Mlango ukafunguka, muuguzi akaita namba thelathini na moja, na mzee akasimama, mtiifu, utepe ukining'inia.

Kutoka benchi hadi kiti ni hatua kumi. Hatua hizo alizipiga nyuma ya mzee, na anasema ndizo hatua ndefu kuliko zote alizowahi kupiga. Alifikiria koti la karani ambalo hajalipata. Alifikiria ndoo, ambayo bado ilikuwa pale pale nyuma ya mlango, na kitambaa chake kikavu. Kisha ulimi wake ukaenda wenyewe kwenye pengo lake la zamani.

Daktari alikuwa ameshashika koleo.

"Daktari, usilitoe. Nimekosea mimi. Aliniambia jino la kulia, nikaandika kulia. Yeye alikuwa na maana ya kutafunia. Linalouma ni la kushoto. Hilo unalotaka kulitoa ndilo atakalobaki nalo."

Daktari akaweka koleo kwenye sinia, taratibu, lisilie. Akamulika kushoto, akagonga gego kwa mpini wa kioo, na mzee akaruka kitini. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele.

"Limepasuka mpaka mzizini," daktari alisema. "Hili haliponi. Lile la tundu linazibika." Akavua glavu, akamtazama. "Ungenyamaza, ningejua?"

"Usingejua."

"Haya. Rudi dirishani. Na karatasi niliisoma mimi pia. Sikupaswa kuiamini peke yake. Nenda, watu wanangoja."

Hiyo ndiyo barua ya ajira aliyopewa; ile ya mhuri ilikuja baadaye.

Jioni ile alichukua rula, akachora daftari upya. Tangu siku hiyo hakuna kulia katika safu ya upande. Kuna kuume, na kuna kushoto. Na kila mgonjwa, awe mtoto au kigogo, huambiwa, "Liguse kwa kidole." Kisha anasomewa kilichoandikwa.

Mzee alirudi baada ya wiki mbili, gego lake limezibwa, na kifurushi mkononi. Lilikuwa koti jeupe, limeshonwa kwa kipimo cha macho, likamkaa kana kwamba alipimwa.

"Nimekuwekea mfuko wa kalamu upande wa kulia."

"Wa kulia nini, mzee? Sitii chakula humo."

Mzee akacheka mpaka pengo jipya likaonekana. Akaegemea dirisha.

"Hebu nisomee na mimi, binti yangu. Siku ile uliniandikaje?"

Akafunua kurasa. Namba thelathini na moja ilikuwa na mistari miwili. Wa chini: gego, juu, kushoto, limepasuka. Wa juu ulikatwa kwa rula, ukaandikwa upya pembeni.

"Gego, juu, kuume," alisoma. "Halikung'olewa."

"Sababu?" mzee aliuliza.

Mama Sababu akaweka kidole kwenye safu ya mwisho.

"La kulia."