Kyabu Hakufunga Mvua

Mama Kyabu alikaa nyuma ya nyumba yangu, katika jiko langu la zamani, na aliyetaka kumfukuza ilibidi apite mbele yangu kwanza. Nasema mapema ili mjue niko upande gani.

Alitoka kando ya ziwa Kisale, karibu na Sanga. Kule maji huja na kurudi, wenyewe wameyazoea. Lakini mwaka ule yalikuja yasirudi. Yalikula shamba, yakala nyumba. Watu wakahamia kilimani wajenge upya, na hukohuko vita vikawakuta. Askari wakachukua mitumbwi. Kyabu akatembea na watoto wake hadi Bukama, akapanda treni ya mizigo, akashuka hapa Kamina.

Aliishi kwa samaki. Ndugu zake wa Bukama walimtumia wa chumvi, naye akamalizia kuwakausha juani, mbele ya jiko.

Oktoba ikafika. Mvua ikanyesha kidogo, tukapanda mahindi kama tulivyofundishwa na wazee, kisha ikakata. Mbegu zikaungua ardhini. Mwaka uliotangulia mambo yalikuwa hayohayo, kabla Kyabu hajafika, lakini nani alitaka kukumbuka? Watu walitazama samaki wake wanavyokauka vizuri, wakapata jibu: muuza samaki anataka jua, basi amefunga mvua ndani ya chungu. Na hao ni Wakristo, vitabu vya nyimbo kwapani. Niliona aibu, halafu hasira. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunapenda kusema. Njaa ikibisha hodi, tunaisahau methali hiyo.

Shefu wetu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, Mwenze, akaja mchana na kundi la watu.

"Mama Kyabu, bantu banasema weye njo ulifunga mvula. Uifungue, ao utoke mu kartie mbele ya siku ya Mungu."

Kyabu hakuacha kugeuza samaki. "Kama minyi Kyabu njo niko nakatazaka maji, ile ya Kisale ilikula nyumba yangu namna gani?"

Mwenze akarudia kwamba mwisho ni Jumapili.

"Sitoki," Kyabu akasema. "Nilishakimbia maji, nilishakimbia askari. Jua ya Kamina haitanikimbiza."

Akaingia ndani, akatoka na jembe na mahindi ambayo watoto wake wangekula wiki hiyo. Akayapanda yote uani kwangu, katika vumbi, mbele ya macho yao.

"Mwenye kufunga mvula anapandaka?" akauliza. Wakaondoka mmoja mmoja.

Jumamosi alasiri mvua ikaja, nayo ikaja kwa ghadhabu. Nusu ya mahindi ya Kyabu ilikwenda na maji. Nyumba ya Mwenze, ya matofali mabichi, ikaanguka ukuta mzima. Tukamwona anakuja na godoro kichwani, mke wake Hulda nyuma yake, wamelowa chapachapa. Mimi nilisimama mlangoni kwangu, nimwachie Kyabu aamue. Kyabu ndiye aliyefungua mlango wa jiko.

"Ingia, shefu," akasema. "Ila kesho usiseme minyi njo niliifungua mvula."