Kipande cha Nondo Chini ya Gari Langu

Bolti ya shokapu ya nyuma ilikatika kwenye mteremko wa Igurwa, mke wangu na watoto wakiwa ndani. Tuliserereka mpaka kwenye migomba ya watu. Hakuna aliyeumia. Kaka wa mke wangu, fundi wa gereji Rubwera, aliyetufungia bolti hiyo mwezi uliopita, alitoa hukumu kwa simu bila kuliona gari: "Mumeo anaendesha kama amebeba mawe." Mke wangu akamwamini. Wiki nzima hakukubali niwapeleke watoto popote.

Jumamosi nikaliinua gari nyumbani, Kihanga, nikaliegemeza kwenye magogo ya mkaratusi, nikatandika majani makavu ya migomba na kuingia chini. Kichwa cha bolti kilikuwa kimeondoka, kiwiliwili kimebaki ndani. Nikamimina mafuta ya taa, nikangoja, nikagonga. Hakikusogea. Kutu iliniingia machoni. Mungu anisamehe, kila nyundo niliyopiga nilikuwa naiona sura ya shemeji.

Alasiri kikatoka. Nikakifuta na kukuta mistari ya mshazari mwili mzima, ile ya nondo za kujengea. Alikuwa amekata nondo, akaichomelea kichwa cha bolti, kisha akamfungia dada yake na wapwa zake.

Sikumwambia mtu. Ningeweza kumpigia simu nikamtukana, lakini hiyo ingekuwa nafuu kwake. Nilimtaka mbele ya dada yake, akiwa amekaa raha mustarehe.

Jumapili baada ya ibada akaja. Kwetu mgeni hupewa kwanza kahawa kavu ya kutafuna, kwenye kikapu kidogo, na kukitia mkono ndiko kukaribishwa. Nilimpelekea mwenyewe, kwa mikono miwili.

"Karibu, shemeji."

"Ahsante. Umejifunza kukanyaga breki siku hizi?"

Alikuwa bado anacheka vidole vyake vilipokutana na chuma. Akakitoa, akakitazama. Mke wangu akakichukua kutoka mkononi mwa kaka yake na kupitisha kidole gumba juu ya ile mistari. Baba yake alikuwa mwashi, nondo anaijua.

"Kaka, hiki ndicho ulichotufungia?"

Shemeji akaangalia mlangoni. Nilifurahi, sitaficha.

Mke wangu hakupaza sauti. Alikiondoa kikapu mbele ya kaka yake, akakiweka mapajani mwangu. Nikachukua punje mbili, nikatafuna polepole huku namtazama, mpaka akainuka mwenyewe.