Nyasi Alizopanda Mama Kilimani

Binamu yangu alikuwa amepata watu wa kuchimba mawe laini ya kuchonga kule juu kilimani, upande wa Tabaka, mahali lilipokuwa boma letu kabla baba hajatuhamishia huku chini karibu na maji. Mama akamwambia pale pana kaburi la mwanawe wa kwanza. Binamu akasema sawa, nionyesheni nitaliacha; msiponionyesha kufikia Jumatatu, nachimba. Msalaba haukuwapo. Mama alikuwa amepanda nyasi juu yake, na siku hizi magoti yake hayapandi tena kilima.

Nilipanda mimi, na kiburi changu cha ualimu. Kilima kile ni mawe na jua, hakifanani na mashamba ya chai na migomba tuliyozoea. Nyasi zake humea kwa mafungu, kila fungu peke yake. Nikang'oa bua refu, nikamletea. Mama akaliviringisha kati ya vidole.

"Hizi ni za kuezekea," akasema. "Shule nyingi, macho hamna."

Nilikasirika, sikatai.

Ndipo akanifundisha. Shina lake, pale linapotoka ardhini, ni bapa. Kiangazi majani hugeuka mekundu. Mbegu ina unywele mweusi uliokunjika kama goti. Mtafutaji hachoki, husema Waswahili. Hawakuwahi kupanda kilima kile saa saba mchana. Niliporudi na mbegu ya namna hiyo, mama alitema mate kidogo kiganjani, akaiweka mbegu juu yake. Unywele ule ukaanza kujizungusha polepole, wenyewe, bila upepo. Niliogopa, kisha nikaona haya kuogopa mbegu.

"Ndizo," akasema. "Ila zitakuwa zimezaana. Tafuta fungu kuukuu. Likizeeka hufa katikati, likabaki duara."

Sisi ni Wasabato, kwa hiyo Jumapili niliamkia kilimani. Mafungu mekundu yalikuwa mengi. Niliinama kwenye kila moja na kuingiza mkono katikati, na muda wote nilihisi kuna mtu anayenitazama. Niligeuka mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Hapakuwa na mtu. Chini ya jiwe kubwa nikapata duara lenyewe: kuzunguka kote nyasi, katikati udongo mtupu. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nilipoinuka nikaona jingine, hatua mbili kando, la ukubwa uleule, nalo limekufa katikati.

Nilimkuta mama uani akichambua maharagwe. Nikamwambia nimechanganyikiwa, mafungu makuukuu yako mawili, anieleze lipi ni la ndugu yangu, binamu asije akachimba lenyewe.

Mikono yake ilisimama.

"Mwambie ayaache yote mawili."

"La pili ni la nani, mama?"

Aliokota jiwe dogo kwenye maharagwe, akalitupa.

"Ulizaliwa na mwenzako," akasema. "Yeye alilia siku mbili. Wewe ulikuwa kimya, hata kunyonya hutaki. Shimo lile tulilichimba tukijua ni lako."